Jogoo wa Kubaki Nyumbani: Kufuga Kuku wa Uani na Kuchagua Madume ya Mbegu

Katika nyua nyingi za Uganda jogoo bora ndiye anayeondoka kwanza. Krismasi ikikaribia, mchuuzi anayepita na baiskeli yenye matenga hamchagui jogoo aliyedumaa, bali yule mwenye kidari kipana na mkia unaometa. Idi ikifika mambo ni yaleyale, na kijana wa ukoo akienda kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kujitambulisha kwa wakwe, jogoo anayekabidhiwa muko, yaani kaka wa bibi harusi, hawezi kuwa kijogoo cha kumwaibisha bwana harusi mbele ya wakwe. Anayebaki uani ni yule ambaye hakutakiwa na mtu, naye ndiye anayewapanda mitetea wote mwaka unaofuata. Hayo yakirudiwa miaka kadhaa, mfugaji huanza kulalamika kwamba kuku wa siku hizi ni wadogo na hawatagi sana, ilhali ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiuuza ukubwa wao kila Desemba.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu, ingawa unahusu ufugaji wa kundi dogo la kuku wa kienyeji, utakaa zaidi kwenye suala la madume. Mtetea mbaya huwaharibu vifaranga wake tu, lakini jogoo mbaya huwaharibu vifaranga wa uwanja mzima, kwa kuwa nusu ya urithi wa kila kifaranga hutoka kwake. Hata uwezo wa kutaga, ambao watu huuhesabu kuwa jambo la kike, binti huurithi kwa baba kama anavyourithi kwa mama.

Kabla ya kuleta jogoo

Jambo la kwanza la kujiuliza ni kama jogoo anahitajika. Mtetea hutaga bila ya jogoo. Tofauti ni kwamba mayai yake hayawezi kutoa vifaranga. Anayeishi kwenye mizigo ya Kampala, yaani vyumba vya kupanga vilivyoshikana, ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, ni afadhali afuge mitetea wachache wa mayai ya kula kuliko kuanzisha ugomvi na majirani tangu saa kumi alfajiri. Isitoshe, jiji lina kanuni za mwaka 2006 kuhusu mifugo ya mjini zinazodai kibali, kwa hiyo ni vyema kuuliza kwenye ofisi za divisheni kabla ya kununua hata ubao mmoja wa banda.

Mwenye nafasi na nia ya kuzalisha ahesabu jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi. Mitetea wakizidi sana, mayai yasiyo na mbegu huongezeka. Wakiwa watatu tu na dume mwenye nguvu, migongo yao hubaki bila manyoya na ngozi huchanika kwa kucha zake. Kundi la mitetea kumi, jogoo mmoja anayefanya kazi na mwingine wa akiba linatosha familia ya kawaida, na ni rahisi kulijua kuku kwa kuku, jambo ambalo ndilo msingi wa uchaguzi wowote.

Malazi, chakula na kideri

Banda halihitaji maneno mengi. Kuku wanne au watano wakubwa hutosha kwenye mita mraba moja ya mahali pa kulala, na kila mmoja apate takriban sentimita 20 za fito ya kutulia. Hewa ipite juu, si usawa wa migongo yao. Matundu ya waya yawe madogo, maana kicheche hupenya mahali ambapo mtu asingedhani, na banda likiinuliwa juu ya nguzo, majivu yakimwagwa kuzunguka nguzo hizo husaidia kuwachelewesha siafu wakati wa mvua. Kiota kimoja chenye giza kidogo hutosha mitetea wanne au watano.

Chakula kina uhusiano wa moja kwa moja na uchaguzi wa madume, na wafugaji wengi hawalioni hilo. Kundi lenye njaa haliwezi kukuonyesha ni jogoo yupi anayekua vizuri. Hukuonyesha tu yupi ni mnyang'anyi. Kuku mkubwa aliyefungiwa hula kati ya gramu 100 na 120 kwa siku. Anayejitafutia uani na shambani anaweza kupewa karibu nusu ya hizo, mradi alichopewa kina protini, kwa sababu pumba za mahindi peke yake hushibisha bila kujenga mwili. Mukene (dagaa wakavu), mashudu ya alizeti au ya pamba, soya iliyokaangwa na mchwa wa kichuguu ndivyo vinavyojenga. Kabla ya kununua gunia la mukene, chota konzi moja, itumbukize kwenye glasi ya maji na usubiri kidogo: samaki huelea au huzagaa, na mchanga hutuama chini, hapo ukaona kwa macho yako ni kiasi gani cha fedha yako kingeingia kwenye mchanga wa Ziwa Victoria. Pumba zenye harufu ya uvundo au uzi wa ukungu zisipewe kuku hata kama ni za bure, kwa kuwa sumukuvu hudhoofisha ini na kinga ya mwili polepole bila dalili ya haraka. Mitetea wanaotaga wapate pia magamba ya ziwani yaliyosagwa au chokaa ya mifugo kwa ajili ya maganda ya mayai.

Kuhusu magonjwa, lipo moja ambalo lisipozuiwa mengine yote yaliyoandikwa hapa hayana maana, nalo ni kideri. Kuku huhara kijani, hupumua kwa shida, mbawa hulegea na wengine hupinda shingo, kisha banda zima huweza kufagiliwa ndani ya siku chache. Dawa ya kutibu haipo. Kuna chanjo tu. Chanjo ya aina ya I-2, ambayo hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutolewa kwa tone moja kwenye jicho la kila kuku na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa hali ya sehemu kubwa ya nchi yetu, napendelea mzunguko wa Novemba, Februari, Mei na Agosti, kwa sababu kideri huchachamaa wakati wa kiangazi, na Desemba ndio mwezi ambao kuku wa kila kijiji huchanganywa kwenye matenga na kurandishwa sokoni. Chanjo hupewa kuku wazima tu, asubuhi mapema au jioni, na kinga huhitaji wiki moja au mbili kujengeka, hivyo kuchanja siku kuku wa jirani wanapokufa ni kuchelewa. Ndui ya kuku, inayoenezwa na mbu, nayo ina chanjo yake ya kuchoma kwenye utando wa bawa. Kwa magonjwa mengine mwone afisa mifugo wa kaunti ndogo yako badala ya kuwapa kuku vidonge vya watu.

Kuangua kwa kumbukumbu

Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na matano, kisha hulalia kwa siku 21. Mayai ya kulaliwa yasizidi siku kumi tangu kutagwa, yawekwe mahali pa baridi, na yasioshwe. Siku ya saba, usiku, yamulike moja moja kwa tochi ya simu huku ukizungushia vidole vyako kwenye ncha nene ya yai: lenye uhai huonyesha doa jeusi lenye mishipa myembamba inayotawanyika, na lisilo na mbegu huangaza lote kwa rangi moja. Usiyatupe mayai hayo angavu bila kuandika yalikuwa ya nani. Mtetea mmoja akiwa na mengi, huenda jogoo hampandi au yeye humkwepa. Mitetea wote wakiwa nayo, tatizo ni jogoo, au amezeeka, au mitetea ni wengi kuliko uwezo wake.

Daftari la kurasa chache linatosha. Kila mtetea apewe jina au alama, na iandikwe alilalia mayai mangapi, yakaanguliwa mangapi, na vifaranga wangapi walifika miezi miwili. Namba hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Vifaranga wa mama mmoja wafungwe miguuni kitambaa chembamba cha rangi yao, kinachokaguliwa na kulegezwa kila wiki mguu unapokua, vinginevyo hukata nyama. Bila alama hizo, baada ya miezi minne utakuwa na mapora, yaani majogoo wachanga, kumi na wawili wanaofanana, na utachagua kwa rangi ya manyoya, ambayo ni namna ya kuchagua bila kuchagua.

Kuchuja mapora

Mapora huanza kujitenga na matembe, yaani mitetea wachanga, kwa macho wakiwa na wiki nane hadi kumi: upanga wa kichwani hukua na kuwa mwekundu, miguu hunenepa, na manyoya ya shingoni na kiunoni huanza kuchongoka. Hapo ndipo mchujo wa kwanza unapofanyika, na kazi yake ni kuondoa, wala si kuteua. Mwenye mdomo uliopishana, vidole vilivyopinda, goti linalogeukia ndani au mgongo wa nundu huwekwa upande wa nyama moja kwa moja, hata kama ni mtoto wa mtetea umpendaye. Tazama macho yote mawili kwenye mwanga: mboni iwe ya duara kamili na rangi ya pande zote mbili ifanane, maana jicho lenye kijivu na mboni iliyochongoka ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wa Marek.

Mchujo wa pili hufanywa wakiwa na miezi minne, na hapa mizani ya kuning'iniza ni mshauri mwaminifu kuliko jicho. Wapime asubuhi kabla hawajala, ukiwalinganisha ndugu wa mzao mmoja tu, kwa sababu aliyeanguliwa wiki tatu mapema atamshinda mdogo wake bila ya ubora wowote. Ndugu waliokula sahani moja wakitofautiana kwa gramu 200, tofauti hiyo inastahili kuandikwa. Manyoya hudanganya sana; jogoo wa mkia mrefu na shingo iliyojaa anaweza kuwa mwepesi kuliko ndugu yake mwenye manyoya haba. Kwa hakika wale wa kishingo, wasio na manyoya shingoni, hudharauliwa na wanunuzi wengi, ilhali hustahimili joto vizuri, na mimi nisingemwondoa mwenye uzito mzuri kwa ajili ya sura yake.

Kisha mshike. Usiku, kuku wakiwa wametulia kwenye fito, mtoe pora mmoja bila kelele, umweke chini ya kwapa, na upitishe kidole kwenye mfupa wa kidari tangu mbele hadi nyuma. Mfupa huo unapaswa kunyooka. Uliojikunja huashiria upungufu wa madini alipokuwa mdogo au udhaifu wa kuzaliwa. Pande zake mbili zinapaswa kujaa nyama inayouficha ukali wa mfupa. Ukihisi mfupa umechongoka huku nyama ikiwa imebonyea, na ndugu zake hawako hivyo, mchunguze minyoo kwanza kabla ya kumhukumu. Magamba ya miguu yaliyoinuka na kuota ukoko mweupe ni kazi ya utitiri. Hayo hutibika kwa kupaka mafuta mazito kila baada ya siku chache, na hayamwondoi jogoo kwenye orodha, ingawa asiachwe alale karibu na wenzake kabla hajapona.

Baada ya mizani rudi kwenye daftari. Tuseme wamebaki mapora wawili wenye uzito unaokaribiana: mmoja mama yake alilea vifaranga tisa kati ya kumi na mmoja licha ya mwewe, na mwingine mama yake huacha mayai yapoe siku ya kumi na tano. Mchukue wa kwanza hata akipungua gramu hamsini. Kwa anayewaachia kuku walalie wenyewe, malezi ya mama ni sehemu ya mavuno.

Mchujo wa mwisho ni wa tabia, nao huhitaji jogoo awe na miezi mitano au sita. Mwagia konzi ya mchwa mahali walipo mitetea na jogoo huyo, ukae kando. Jogoo anayefaa huokota mchwa na kumdondosha, akainua na kuinamisha kichwa huku akitoa sauti za haraka za kuita, na mitetea wakaja kula mbele yake. Asiyefaa humeza kila kitu na kumfukuza anayesogea. Jioni au wakati wa adhuhuri mwewe akipita, sikiliza nani anayetoa onyo la kwanza, lile linalowafanya vifaranga wakimbilie kichakani mara moja. Angalia pia namna anavyopanda: mwenye adabu huzunguka akiwa ameshusha bawa moja, mitetea wakajikunyata wenyewe, mkali huwakimbiza na kuwang'oa manyoya ya kisogoni, na mitetea wanaoishi kwa hofu hushinda mbali na chakula.

Jogoo anayewarukia watu asibaki. Wapo wanaomsifu kwamba ni mlinzi, lakini vipi vya jogoo, yaani ile miiba ya miguuni mwake, hufikia usawa wa macho ya mtoto wa miaka mitatu, na ukali huo huweza kurithiwa na wanawe. Kuwika nako kusikushawishi. Anayewika sana mara nyingi ni yule tu ambaye hajapata mpinzani. Na rangi iwe ya mwisho kabisa, ukikumbuka kwamba kuku mweupe huonekana kirahisi na mwewe.

Kumlinda aliyeteuliwa

Uamuzi ufanywe kabla ya Novemba, bei haijapanda. Mfunge aliyeteuliwa kamba nyekundu mguuni na uwatangazie wote nyumbani, kwa kuwa hatari kubwa si mchuuzi peke yake. Mgeni wa heshima akifika ghafla, mama humwambia mtoto, "Kamata yule mkubwa," na mtoto hutii. Ni lazima awepo mtu wa kusema, "Mama, huyo wa kamba nyekundu ni wa mbegu, nimkamate nduguye?"

Wa akiba naye abaki, kwani kicheche hachagui. Akipewa sehemu yake ya kulala, vita hupungua. Majogoo waliokua pamoja huvumiliana zaidi kuliko wageni, lakini ukiwachanganya wakubwa wawili wasiojuana kwenye uwanja mdogo usio na pa kukimbilia, mmoja atakufa au atavunjika moyo asipande tena.

Wengine huuliza kwa nini wasinunue tu jogoo wa Kuroiler, kuku chotara mwenye asili ya India aliyeingizwa nchini karibu na mwaka 2010 na ambaye vifaranga wake wamekuwa wakisambazwa na kituo cha taifa cha nasaba za mifugo cha Entebbe. Ni mkubwa, hujitafutia, na mitetea wake hutaga kuliko wa kienyeji. Lakini ni chotara, na kizazi chake hakifanani: baadhi ya wanawe watakuwa wakubwa, wengine wa kawaida, na tabia ya kulalia hupungua miongoni mwa mabinti. Kwa anayetaka nyama ya Desemba, jogoo wa Kuroiler juu ya mitetea wa kienyeji ni mpango mzuri wa mwaka mmoja. Kwa anayetaka kundi linalojiendesha bila mashine ya kutotolea, mapora wa uzao huo wauzwe wote na jogoo wa mbegu atoke kwenye damu ya kienyeji.

Kumbadilisha

Matembe huanza kutaga wakiwa na miezi sita au saba, kwa hiyo jogoo akipitisha mwaka mmoja na nusu hivi, anawapanda binti zake mwenyewe. Matokeo huja taratibu: mayai yenye mbegu yasiyoanguliwa, vifaranga dhaifu, ukuaji usiolingana. Badilishana jogoo na mfugaji wa kijiji kingine mwenye kundi zuri, si jirani wa mpaka mmoja, ambaye kuku wake huenda ni binamu wa wako. Unapomtazama jogoo wa kununua, kagua vipi vyake: vifupi na butu ni vya kijana, virefu vilivyopinda ni vya mzee, hata muuzaji akikuapia.

Mgeni akae peke yake wiki mbili, achanjwe, apewe dawa ya minyoo na akaguliwe chawa na viroboto chini ya mbawa na kando ya macho. Baada ya jogoo wa zamani kuondolewa na mpya kuingia, yape mayai wiki tatu kabla ya kuyalalisha, kwa kuwa mtetea huhifadhi mbegu za dume mwilini na vifaranga wa majuma ya mwanzo wanaweza kuwa bado ni wa yule aliyeondoka.

Mapora waliochujwa hawana haja ya kulishwa hadi Februari. Ukiwalalisha mama zao ili mayai yaanguliwe mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, watatimiza miezi sita Desemba bei ikiwa juu. Idi, kwa kuwa hufuata mwezi mwandamo, ipigiwe hesabu upya kila mwaka. Jogoo mzee anayestaafu ana nyama ngumu lakini mchuzi wake ni mzito, na anayetaka kumpika luwombo amchemshe kwanza kwa moto mdogo mpaka nyama ianze kulainika, ndipo amfunge kwenye jani la mgomba pamoja na mchuzi wa karanga.